Kaka, usiniulize tena kama nina mrefu

Kaka,

Ujumbe wako nimeuona. "Vipi, una mrefu yeyote hapo?" Hakuna salamu, hakuna habari za Mama, na tangu tumzike Mzee hujanipigia hata simu. Nimeandika jibu nikafuta, nikaandika tena nikafuta. Basi nakujibu hapa hadharani, maana makocha wengine wa mpira wa kikapu hapa Jinja nao huniuliza hilohilo, kama nina mtoto mrefu wa kuwapa, na wazazi pia.

Ninao wawili. Mmoja ana miaka kumi na moja na kichwa chake kinanifika begani. Simleti. Kinyongo ninacho, sikatai, lakini sababu si hiyo. Mtoto bado anajifunza kudundisha kwa mkono wa kushoto, na najua akifika kwako hakuna atakayemruhusu audundishe mpira kwa mkono wowote.

Ajabu ni kwamba haya wewe unayajua kuliko mimi. Mpaka senior two, kidato cha pili, ulikuwa mfupi, tukikuita Kisoda. Kwenye ile ringi ya nondo nyuma ya kwota, Mzee hakumpangia mtu namba. Anayedaka ribaundi, mpira uliokosa ringi, anaupeleka mwenyewe hadi mbele, akipokonywa shauri yake, arudi akakabe. Ukarefuka ghafla, na ukawa mtu mrefu mwenye mikono ya gadi, yule anayedundisha na kuchezesha wenzake. Ndiyo maana wale majitu wa timu nyingine walikuwa hawakuwezi: wao walijua kusimama chini ya kikapu tu, wewe ulikuwa unaona uwanja mzima. Nani alikufundisha hayo? Ufupi wako.

Usiku ule wa 2021, Silverbacks, timu yetu ya taifa, walipoifunga Nigeria pale Kigali na kuingia robo fainali, tulipiga kelele mpaka majirani wakagonga ukuta. Halafu ukaanza: Uganda tunahitaji warefu, tuwakusanye mapema. Nikakutajia Olajuwon, yule nyota wa NBA kutoka Nigeria, aliyekuwa golikipa na mchezaji wa handiboli Lagos kabla ya kuugusa mpira wa kikapu, na miguu ile iliyowazungusha Wamarekani aliitoa huko. Nikakutajia Embiid wa Kameruni, naye wa NBA, na voliboli yake Yaoundé. Ukasema hao ni bahati. Sawa. Lakini mbona bahati hiyo haijawahi kumpata mtoto aliyesimamishwa chini ya ringi tangu P.5, darasa la tano?

Sasa niseme lile ambalo mpaka leo sijakusamehe.

Robo ya tatu, uwanja wa saruji, jua la saa nane. Mnaongoza. Yule kijana wa mama muuza mukene, wale dagaa, anadaka ribaundi, gadi wako amebanwa, hana wa kumpa. Basi anaudundisha. Anavuka katikati ya uwanja, amempita mmoja, kichwa kiko juu, anatafuta pasi, jambo ambalo hukuwahi hata kumfundisha. Mpira unamgonga mguuni na kutoka nje. Ukamwita benchi. Ukasimama mbele yake, ukasema kwa Kiswahili cha kambini, ile sauti ya paredi: "Nani alikutuma kudunda? Wewe ni mti. Mti hautembei."

Watoto wakacheka. Wa timu yangu pia walicheka. Mama yake alikuwa amesimama kwenye kona na beseni lake, alikuwa ameacha biashara aje kumwona. Sijui Kiswahili chake kinafika wapi, ila alielewa. Kijana akarudishwa ndani dakika za mwisho, akasimama chini ya kikapu mikono juu, na mkashinda. Tangu siku hiyo jina lake likawa Mti.

Alikuwa na miaka kumi na miwili. Unajua mwenyewe wavulana wanavyotofautiana umri huo. Mwingine ameshaanza kukua kabla ya wenzake, tunamwona ana kipaji, kumbe ametangulia tu. Akafika kumi na tano, wenzake wakamfikia, wakampita. Goti nalo likawa linamuuma, kile kivimbe chini ya pia ya goti, pale ukano unaposhika muundi. Wanaorefuka haraka hupata sana, na dawa yake kubwa ni kupunguza kuruka. Kwako kazi yake ilikuwa kuruka. Basari aliyolipiwa kwa ajili ya kucheza ikasimamishwa katikati ya muhula. Hakuwa mrefu tena, hakuwa na pasi, hakuwa na mkono wa kushoto. Alikuwa na jina la Mti.

Na nyinyi mnaosema kwamba nilimwiba mchezaji: aliyekuja kwangu alikuwa mtoto aliyefukuzwa karo. Nilimweka na wadogo wa P.6, adundishe naye kuzunguka viti vya plastiki. Aliona aibu. Nikamwambia avumilie. Leo anasoma shule ya kutwa, anacheza gadi, si nyota, na Lugogo, ule uwanja mkubwa wa Kampala, labda hataiona kamwe. Jumamosi anawachezeshea wadogo mechi kwa filimbi, anawaeleza kwa upole kila anapopuliza. Huyo ndiye "hasara" uliyoniachia.

Unasema timu yangu inafungwa. Inafungwa kweli, na wazazi watatu wameshahamisha watoto wao. Lakini kwangu kila mtoto anaingia uwanjani, na kabla ya miaka kumi na minne hakuna mwenye namba. Ulinicheka nilipomwambia fundi achomelee ringi ya chini. Kaka, ringi ya wakubwa iko mita 3.05. Ile ya watoto chini ya miaka kumi na miwili inatakiwa iwe 2.60, na mpira namba 5. Sisi tunawapa mpira namba 7 na ringi ya wakubwa, mtoto anaurusha kutoka kiunoni kama anatupa gunia, halafu tunashangaa kwamba mrefu peke yake ndiye anayefunga. Tumeipandisha ringi wenyewe, kisha tunauita urefu kipaji. Shusha ringi wiki mbili tu uone nani anajua kucheza.

Usidhani nimesahau mema yako. Viatu vya watoto ulivileta wewe, gari zima, ukakataa hata picha. Mama alipolazwa ulilala sakafuni wodini kabla mimi sijafika. Ndiyo maana inaniuma. Ungekuwa mtu baki ningesema ni kocha mbaya, nikanyamaza. Wewe si kocha mbaya. Una mwalimu mkuu anayetaka kombe kila mwaka, na unampa, na wanaolipia ni watoto ambao majina yao hutayakumbuka.

Ile pesa ya mabati usiirudishe, tulishamaliza. Mke wako aliniuliza pale msibani kama tumegombana, nikamwambia tumechoka tu na safari. Sikutaka kusema mbele ya jeneza la Mzee.

Mama anauliza kama mtakuja Idd. Nimemwambia akuulize mwenyewe, namba yako anayo.