Muguka na njia ya kurudi nyumbani

Mhariri,

Mwezi Mei 2024 kaunti yetu ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa yanayofukuza usingizi, na siku chache baadaye mahakama ikasimamisha amri hiyo. Mimi nilikuwa mlaji, na nakiri hata siku zile sikukosa. Kilichoniachisha ni njia. Kila alasiri nikitoka Marikiti nilipita kibanda kilekile, shilingi 50 mkononi kabla sijafikiri. Nikaanza kuzungukia Mwembe Tayari, jua kali, na hizo 50 nikazinunulia watoto mahamri. Mara mbili nilirudi kibandani, sifichi. Lakini sasa nalala usiku, na mke wangu hanikuti tena saa nane nimekaa kitandani, macho makavu, nikihesabu vigae vya ukuta.

Mkazi wa Majengo,
Mombasa