Risala kwa Mheshimiwa Seneta: kura ya kaunti yetu

Mheshimiwa Seneta, mgeni wetu rasmi,
Bwana Chifu na wazee wa mtaa,
Mheshimiwa Mwakilishi Wadi,
Mwalimu Mkuu uliyetuazima darasa la kukutania kila Jumamosi,
Wazazi, vijana mnaopokea vyeti leo, mabibi na mabwana,

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima. Shukrani zetu zikufikie na wewe, Mheshimiwa, kwa kuitika mwaliko wa kikundi kisicho na jengo la kufungua wala jiwe la msingi la kuweka. Tunajua pia kwamba risala nyingi unazosomewa huishia kwenye hema, viti na basari. Viti tunavyo na hema tumekodi. Kuhusu basari, tumeshaelewa kwamba hazina ya maendeleo ya eneo bunge, NG-CDF, iko kwa mbunge na seneta hana mfuko kama huo, kwa hiyo leo hatutakusumbua kwa jambo lisilokuwa mikononi mwako.

Kikundi chetu kilianza kama chama cha akina mama cha kuweka akiba. Vijana walijaa baada ya Juni 2024. Tarehe 25 mwezi huo Bunge la Taifa lilipitisha Mswada wa Fedha, wabunge 195 wakiukubali na 106 wakiukataa, na jioni ile picha za orodha ya majina zilipita simu kwa simu hadi huku kwetu. Kijana mmoja akauliza: na seneta wetu je, alipiga kura gani? Wengine wakaanza kukulaumu kabla ya kupata jibu. Mlezi wetu, mwalimu mstaafu, akafungua Katiba kwenye Kifungu cha 109, akasoma kwamba mswada wa fedha huletwa katika Bunge la Taifa tu. Hukuwa na kura ya kupiga siku ile. Vijana walicheka, lakini swali likazaa swali: basi kura ya seneta hupigwa wapi?

Hilo ndilo tumelisoma mwaka mzima. Na tumegundua jambo ambalo, kwa heshima zote, tunaona linakufaa hata wewe kulisikia kutoka kwetu: wananchi tunakuhukumu kwa mambo yasiyokuwa yako, na yale yaliyo yako hasa hatukuulizi kabisa.

Maseneta ni 67: 47 mliochaguliwa na kaunti, wanawake 16 walioteuliwa, vijana 2 na watu wenye ulemavu 2. Jambo likihusu kaunti, hao 67 hawapigi kura kila mtu yake. Kifungu cha 123 kinaipa kila kaunti kura moja, na wewe kama kiongozi wa ujumbe wa kaunti ndiye unayeipiga, baada ya kushauriana na maseneta wenzako waliojiandikisha kupiga kura kaunti hii. Mswada hupita tu ukiungwa mkono na wingi wa kaunti zote, yaani 24 kati ya 47. Katiba haikusema wingi wa waliohudhuria.

Hapo ndipo tulipokaa Jumamosi nyingi. Maseneta 15 wanatosha kufungua kikao, kujadili, hata kutoleana maneno, lakini hawatoshi kupitisha mswada wa kaunti. Mara ngapi Spika ameahirisha kura kwa sababu wajumbe hawakufika 24! Seneta asiyekuwepo ukumbini, awe na nia njema kiasi gani, anahesabika sawa na aliyesema hapana, tofauti ikiwa kwamba aliyesema hapana ameandikwa.

Tulipakua kurasa za Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, tukazichapisha kwa yule kijana wa saiba pale stendi. Karani anaita majina. Kila seneta anajitaja yeye na kaunti yake, kisha anasema ndiyo, hapana, au amejizuia. Baadaye orodha inachapwa, jina la seneta, mkato, jina la kaunti, na mwisho jumla. Mama mmoja wetu anayeuza viazi karai alipitisha kidole chake juu hadi chini akiitafuta kaunti yetu. Hakuiona. Akarudia. Tukamweleza kwamba asiyekuwepo haandikwi mahali popote kwenye orodha ile, hata nafasi tupu haiachwi. Akauliza, “Kwa hiyo siku ile sisi hatukuwa Kenya?”

Mheshimiwa, hatukuulizi ulikuwa wapi siku ile. Seneta ana kamati, ana safari, ana misiba kama binadamu mwingine. Tunalouliza ni hili: Katiba hiyo hiyo inasema kiongozi wa ujumbe akikosekana anaweza kumteua mjumbe mwingine wa kaunti apige kura kwa niaba yake. Seneta mteule aliyejiandikisha hapa kwetu yupo. Barua ya kumpa kibali hicho haizidi mistari mitatu.

Kwa nini tunalishikilia jambo hili? Kwa sababu tunaikumbuka 2020. Mwaka ule Seneti ilikuwa inatafuta fomula mpya ya kugawanya pesa baina ya kaunti, kazi ambayo Kifungu cha 217 kinaipa kila baada ya miaka mitano. Mapendekezo yaliyokuwa mezani yaliegemea idadi ya watu, na kaunti nyingi za Pwani na za kaskazini, zenye ardhi kubwa na watu waliotawanyika, zingepungukiwa. Kikao baada ya kikao kikaisha bila mwafaka. Agosti 17 maseneta watatu, wa Kakamega, Samburu na Bomet, wakakamatwa na polisi, na wenzao wakakataa kuendelea na mjadala. Wakati huo pesa zilikuwa zimekwama, na magavana wakitishia kufunga shughuli za kaunti. Mwafaka ukaja Septemba 17: fomula ikubaliwe, lakini ianze kutumika pale mgao wa kaunti utakapoongezwa kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370, ili pasiwe na kaunti inayopoteza. Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ameahidi nyongeza hiyo ya bilioni 53.5, na mwaka wa fedha uliofuata ikatolewa.

Tunaposoma habari hiyo tunaona jambo la ajabu. Hakuna kura iliyotugusa zaidi ya ile, iliyogusa dawa za zahanati yetu na mishahara ya wauguzi wetu, na hakuna aliyeitisha baraza hapa kutuuliza kaunti iseme nini. Mikutano ya kumchagua seneta tulifanyiwa mingi. Mkutano wa kumtuma seneta hatujawahi kuuona.

Mwaka uliotangulia, 2019, Seneti ilitaka kaunti zipate bilioni 335, Bunge la Taifa likashikilia 310, wakavutana mpaka Septemba, wakakubaliana 316.5. Hapo tulijifunza kamati ya upatanisho ni nini: mabunge mawili yanatoa wajumbe sawa kwa sawa, na wasipoafikiana ndani ya siku 30 mswada umekufa.

Kuna mswada mwingine ambao sisi watu wa Pwani tunautazama kwa jicho la karibu, ule wa kugawana manufaa ya maliasili. Uliletwa Seneti 2014. Ukaletwa tena 2018. Ukarudi 2022. Jirani zetu wa Kwale walichimbiwa titani kwa zaidi ya miaka kumi, na Base Titanium ilipofunga machimbo mwishoni mwa 2024, sheria ya kusema mwenyeji apate kiasi gani ilikuwa bado haijapatikana. Hatusemi Seneti ilizembea. Mara nyingi miswada yenu hufika upande wa pili wa Bunge ikalala huko. Mahakama Kuu yenyewe, Oktoba 2020, ilifuta sheria 23 zilizopitishwa na Bunge la Taifa bila Seneti kushirikishwa, ingawa baadaye Mahakama ya Rufaa iliulegeza uamuzi huo. Tunachosema ni kwamba mwananchi akiona mswada wa chumvi, mchanga na madini ya kwao unafufuliwa mara tatu, ana haki ya kujua kila mara uliangukia wapi na mwakilishi wake alikuwa amesimama upande gani.

Kuhusu kuwaondoa magavana tutapita haraka, maana hayo yana watazamaji wengi kuliko mpira. Sonko wa Nairobi aliondolewa Desemba 2020 kwa kura 27. Gavana Mwangaza wa Meru alinusurika 2022 na 2023, kisha Agosti 2024 Seneti ikapitisha kuondolewa kwake. Vijana wetu walichoshika ni tofauti moja: gavana huamuliwa na kura za kaunti, ilhali Naibu Rais Gachagua, Oktoba 2024, aliamuliwa na kila seneta kwa kura yake, wateule nao wakiwemo, na ilihitajika theluthi mbili ya wote 67. Siku zile ukumbi ulijaa. Tulijiambia kwamba kumbe kujaa kunawezekana.

Sasa, Mheshimiwa, tuzungumze kuhusu misimamo. Misimamo ya viongozi wetu tunaisikia mazishini, kwenye harambee, na kwenye redio asubuhi. Ni mikali na inapendeza. Lakini kauli ya mazishini haipigiwi kura, wala haiandikwi kwenye Hansadi. Tumejizoeza kuandika safu mbili katika daftari la kikundi, upande mmoja alichosema kiongozi hadharani na upande wa pili alivyopiga kura, tukiweza kuiona. Safu ya pili ina mapengo mengi, na mengine si kosa la kiongozi: mambo mengi huamuliwa kwa sauti, Spika akasikiliza ndiyo na hapana, na jina la mtu halibaki popote.

Tumetazama pia zile tathmini za kila mwaka za Mzalendo Trust, shirika linalofuatilia kazi za Bunge, zinazohesabu nani amezungumza mara ngapi bungeni. Zina faida, na mlezi wetu anazipenda. Wengi wetu tuna shaka kidogo. Seneta anayekaa kwenye kamati ya hesabu za kaunti akimbana gavana kuhusu stakabadhi zilizopotea anaweza kufanya kazi kubwa kuliko anayesimama kila alasiri kutoa pongezi. Kwa hiyo, ukionekana chini kwenye orodha hizo, njoo utueleze ulikuwa unafanya nini. Ukionekana juu, njoo pia.

Pongezi tunazo, na hatutazificha. Kifungu cha 120 kinasema Kiswahili ni lugha rasmi ya Bunge, pamoja na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya, na maseneta wa Pwani mmekuwa mstari wa mbele kuchangia kwa Kiswahili, kikachapwa hivyo hivyo kwenye Hansadi. Kurasa hizo ndizo zinazosomwa kwa sauti hapa darasani, na wazee wasiojua Kiingereza hubaki mpaka mwisho. Tatizo ni kwamba mjadala ukiwa kwa Kiswahili, mswada wenyewe bado unatufikia kwa Kiingereza cha mawakili.

Maombi yetu ni haya. Utupatie kila baada ya miezi mitatu karatasi moja kwa Kiswahili, inayoonyesha kila kura iliyopigwa kwa kaunti, yetu ilikuwaje, na kama haikupigwa, sababu yake. Sisi tutaibandika kwenye ubao wa ofisi ya Chifu, na Bwana Chifu ameshakubali. Ofisi yako ya kaunti iwe wazi siku ya gulio, maana siku nyingine watu wa huku juu hatushuki mjini. Fomula ya mgao itakaporudi tena, uitishe baraza kabla ya kura. Na vijana hawa wanne waliopata alama za juu wapate nafasi ya kuketi jukwaa la wageni Seneti alasiri moja ya Jumatano. Nauli ya basi kikundi kitalipa.

Mwenyekiti atakukabidhi daftari letu lenye safu mbili. Limeandikwa kwa penseli ili ukiona tumekosea usahihishe hapo hapo. Baada ya hotuba yako na kabla ya pilau, wanakikundi watatu watauliza maswali. Wamekubali kutouliza habari za uchaguzi wa 2027.

Karibu jukwaani, Mheshimiwa.

Ni sisi,
Wanakikundi