Barua ya wazi kwa wanangu mliorudi kutoka kyeyo, zile kazi za ng'ambo

Wanangu,

Shikamoo zenu nimezipokea, hata za wale ambao siku hizi hawaamkii. Mimi mzee wenu wa Bombo hapa Uganda, mwanajeshi mstaafu, naandika na hasira kidogo. Juzi tulikuwa kwa jirani kwenye matanga, mvua ikaanza, wazee wakasema alhamdulillahi maana mahindi yalishaanza kukauka, sasa kijana mmoja aliyetoka Dubai wiki hiyohiyo akaanza kusonya, eti tope, eti viatu, eti huku kwenu watu wanaishi vipi. Huku kwenu! Na mama yake kakaa pale kwenye mkeka anasikia.

Mimi pia nilienda bana. Ile miaka baada ya 2005, Waganda walipokuwa wanachukuliwa kwa maelfu kulinda kambi za Wamarekani Iraq, nilikuwemo. Baghdad mwezi wa saba joto linapita digrii 45, umevaa vesti ya risasi, uko juu ya mnara, maji yanaletwa na lori na yakifika yashachemka, mvua huioni miezi na miezi. Usiku tulikuwa tunaongea nini? Nyumbani tu. Mkiga anasimulia baridi ya asubuhi ya Kabale mpaka unatamani koti, wa Arua ni maembe, Msoga ni viazi vitamu, wa Kasese anasema kwao kuna theluji tunamcheka, kumbe kweli, Rwenzori ina kilele cha mita 5,109. Na walikuwemo watu ambao zamani msituni tulitafutana kwa bunduki, kule tukawa tunagawana sigara. Mimi nchi hii nilikuwa nimeizunguka na jeshi, lakini macho yangu yalikuwa yanatafuta adui, sikuona kitu kingine. Niliporudi nilipanda basi mpaka Kabale kwenda kutazama tu ile milima iliyolimwa ngazi ngazi mpaka juu, konda akaniuliza mzee unaenda kwa nani, nikamwambia siendi kwa mtu.

Nyinyi mmepiga picha chini ya Burj Khalifa, mita 828, sawa, jengo zuri. Nani kati yenu amefika maporomoko ya Murchison akaona Nile nzima inabanwa kwenye mwanya wa mita kama 7 halafu inaanguka na kelele zake? Wageni wanalipa dola 800 kukaa na gorila wa msitu wa Bwindi saa moja. Sisi wa Afrika Mashariki ni shilingi 300,000 za Uganda, najua si hela ndogo, lakini hiyo simu mkononi ulinunua bei gani?

Sisemi hapa ni peponi. Barabara mashimo, hospitali unatumwa ukanunue glavu mwenyewe, na kazi ingekuwepo nusu yenu msingeenda. Lakini kule mlipanga foleni, mlifika kazini kwa wakati, chupa hamkutupa ovyo kwa kuogopa faini. Ukishatoka uwanja wa ndege wa Entebbe tu, kaveera, mfuko wa plastiki, hiyo inarushwa dirishani kwa taksi. Nchi unaitukana kwa uchafu na mchafuzi ni wewe!

Na sisi wazazi tusijifiche. Mtoto akirudi tunahesabu masanduku, hatuulizi alilala wapi, alipigwa, alilipwa. Basi naye anajibu kwa maringo, maana ndicho tunachotaka kusikia. Wale mawakala wa kazi za nje wanaokula hela za watu tunawajua, wengine wanakaa viti vya mbele msikitini na kanisani.

Nyie mnaojiandaa kuondoka, nendeni, siwazuii. Shamba la baba kodisheni, msiuze. Na namba ya ubalozi wetu iandikeni kwenye karatasi mshone ndani ya nguo, isikae kwenye simu peke yake, maana waajiri wabaya wakianza huanza na kukunyang'anya simu.

Mzee wenu,
Bombo