Mifuko ya uwekezaji si msimamo wa ligi

Mhariri,

Ukurasa wenu wa fedha umeipanga mifuko ya uwekezaji wa pamoja kwa faida ya mwaka jana, kuanzia wa kwanza hadi wa mkiani. Mke wangu alikuwa tayari kuhamishia akiba yetu kwa huyo bingwa kabla sijavaa miwani.

Nimekuwa mhasibu miaka 31, na taarifa za fedha huzisoma kuanzia nyuma. Kwenye taarifa ya bingwa wenu, ukurasa wa mwisho, chini ya jedwali, kwa herufi za kufuata kwa kidole, nikaikuta: ada ya usimamizi, asilimia 2 kwa mwaka. Hukatwa humo humo kabla bei ya kipande, yaani fungu moja la mfuko, haijatangazwa, kwa hiyo mwenye vipande haioni ikitoka. Nikachukua kikokotoo. 100 ikikua kwa asilimia 8 kila mwaka, baada ya miaka 30 inafika 1,006. Toa hizo 2, ikue kwa 6, inaishia 574. Mke wangu alinirudisha mara mbili nipige upya.

Mfuko wa fahirisi kwa kawaida ada yake ni ndogo zaidi. Unashika hisa zote za orodha fulani, basi. Hakuna jopo la kulipwa kwa kubashiri. John Bogle alipouleta kwa watu wa kawaida Marekani mwaka 1976, wenzake katika biashara hiyo walimcheka.

Kingine ni mlango wa kutokea. Mfuko ulio wazi unavinunua wenyewe vipande vyako, kwa thamani halisi ya siku hiyo. Uliofungwa hauvirudishi: utafute mnunuzi sokoni, na bei anapanga yeye. Niliwahi kuuza hivyo nikiwa na mgonjwa. Kila kipande kilikuwa na mali ya 10 ndani yake, nikapokea 8 na nusu. Hakuna aliyeniibia, sikuwa nimesoma masharti (naam, mhasibu mzima).

Hata mfuko wa soko la fedha, unaokopesha kwa muda mfupi, ambao mmeuita "salama kama benki", si benki. Septemba 2008, Reserve Primary Fund ya Marekani, iliyokuwa na hati za deni za Lehman Brothers, benki iliyofilisika mwezi huo, ilishusha kipande cha dola moja hadi senti 97, na watu wakazuiwa kutoa fedha zao.

Mkichapa jedwali hilo tena, naomba safu mbili: ada, na namna ya kutoka. Nafasi ikiwa finyu, punguzeni herufi za ile ya faida.

Mhasibu mstaafu