Barua ya wazi: Kabla hujagonga muhuri ramani za viwanja

Kwa Mkurugenzi wa Mipango Miji,

YAH: BARABARA ZISIZOPENYA

Ndugu Mkurugenzi,

Ramani za viwanja vya pembezoni mwa mji zikifika mezani kwako, usianze na idadi ya viwanja. Fuata barabara kwa kidole uone inatokea wapi. Nyingi zitakuishia ukutani. Wenye miradi wanazipenda: zinakula ardhi kidogo, na mtaa wa geti moja unauzika haraka. Lakini nyumba mbili zikipeana migongo, ukuta mmoja kati yao, mtu atatoka geti la kwanza, ashike barabara kuu, aingie geti la pili, ndipo amfikie jirani ambaye kikohozi chake anakisikia kila usiku. Hapo atapanda gari tu. Zimamoto nao watazunguka vivyo hivyo.

Kisha tunaambiwa dawa ya foleni ni kupanua barabara kuu. Tutaipanua mara ngapi, iwapo hata safari ya dukani lazima ipitie humo?

Radburn, kule New Jersey, Marekani, ilianzishwa mwaka 1929 kwa mitaa isiyopenya ili watoto waepukane na magari. Nia ilikuwa njema, na wajenzi wake waliweka njia za miguu za kuiunganisha. Walioiga wengi walichukua mitaa iliyofungwa, njia za miguu wakaziacha. Marekani iliendelea hivyo hadi miaka ya 1990, ndipo mitaa mipya ikaanza tena kuunganishwa.

Kosa la nyumba hurekebishika. La barabara, vigumu mno. Katika mpango wa mhandisi Cerdà wa kupanua mji wa Barcelona, wa mwaka 1859, bustani za katikati ya majengo zilimezwa karibu zote na ujenzi. Barabara zake zipo mpaka leo.

Ombi langu: usipitishe ramani ambayo barabara zake hazifiki kwenye mpaka wa mradi, tayari kuunganishwa na mradi wa jirani. UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, inashauri barabara zipewe angalau asilimia 30 ya ardhi. Anayelalamika kwamba ni nyingi aonyeshe hesabu zake hadharani. Mto au mlima nitauelewa. Ukuta, hapana.

Kwa mitaa iliyokwisha kujengwa, toboa kuta ili waendao kwa miguu wapate pa kupita. Kwa mwaka huu, zile zinazopakana na shule zingetosha.

Wako,
Mkazi wa pembezoni