Barua kwa Ndugu Yangu wa Ujiji, Kabla Hujainunua Ile Baiskeli

Ng'ambo, Tabora
Mwezi wa Agosti

Ndugu yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Sisi huku ni wazima, mama watoto mguu wake umepona na amerudi sokoni, na kijana wetu anajiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Natumaini nawe, shemeji yangu na wote wa hapo Ujiji hamjambo.

Barua yako niliipokea mwezi wa Mei, na najua umesubiri jibu mpaka ukaanza kudhani nimenuna. Sijanuna hata kidogo. Uliniuliza kama uinunue ile baiskeli ya safari aliyoiacha mgeni kwenye nyumba ya wageni hapo Mwanga, na swali kama hilo sikutaka kulijibu kwa kubahatisha, maana fedha yenyewe ni ya kiinua mgongo chako. Nikaamua kwanza niifungue yangu yote, nione miaka 12 ya kuwafuata wafugaji nyuki katika vijiji vya Sikonge na Urambo imeifanya nini, ndipo nikuandikie ninachokijua kwa mikono yangu. Kuifungua huko ndiko kulikonichelewesha, kwa sababu nilichokikuta kwenye gurudumu la nyuma kilinifanya niweke spana chini na kukaa kimya.

Nilikuwa nimeipindua juu chini uani, siti na usukani vikiwa juu ya gunia, nikawa nalizungusha gurudumu taratibu huku nikifuta ringi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Kitambaa kikanasa. Nikalirudisha gurudumu nyuma kidogo, nikafuta pale pale, kikanasa tena na kuacha uzi. Nilipoinama nikaona ufa mwembamba kama unywele umetoka kwenye tundu la spoku na kuelekea tundu la jirani, na bati la ringi mahali hapo limeinuka kidogo, kama ngozi iliyofunika mwiba. Nikaanza kuhesabu. Kati ya matundu 36, manane yalikuwa na ufa, na yote manane yalikuwa ya spoku za upande wa kulia, upande wa mnyororo.

Nakueleza haya kwa urefu kwa sababu katika barua yako umeandika karibu ukurasa mzima juu ya gia 27 za baiskeli hiyo, ukaandika juu ya rangi yake na mikoba yake ya pembeni, na juu ya magurudumu ukaandika mstari mmoja tu, kwamba ni makubwa kama ya baiskeli ya Phoenix. Mstari huo ndio ulionikosesha usingizi. Ndugu yangu, baiskeli ya safari ni gurudumu la nyuma, na vingine vyote vinalifuata hilo. Upande wa kulia wa habu, yaani kitovu cha gurudumu, sproketi, zile gia za meno zinazoshika mnyororo, zimechukua nafasi, kwa hiyo spoku za upande huo husimama karibu wima, na ili ringi ikae katikati ni lazima zikazwe kuliko zile za kushoto. Juu yake unakaa wewe, nyuma yako unakaa mzigo, na nguvu yote ya miguu hupitia hapo hapo. Kila gurudumu linapozunguka, spoku iliyofika chini hulegea kidogo, kisha hukaza tena ikipanda, na ile iliyokazwa hafifu ndiyo huchoka haraka, kama waya unaoukunja na kuukunjua mpaka unakatika kwenye kona. Ndiyo maana spoku nyingi hukatika pale kwenye kiwiko, zinapoingia kwenye habu, na si katikati.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikupata kukuambia. Nilipokuja kwenye arobaini ya baba, nikafika siku moja baadaye kuliko nilivyoahidi, ulinipokea mlangoni nami nikasema mvua ilinizuia. Mvua ilikuwapo, lakini siyo iliyonizuia. Nilikuwa nimepakia madumu manne ya asali, lita 20 kwa jumla, kwa ajili ya shughuli, na asali ni nzito kuliko maji: lita 20 ni karibu kilo 28. Zote niliziweka nyuma. Baada ya kupita Kaliua, kwenye barabara ya mawe, nikasikia mlio kama kijiti kikavu kinachokatwa, kisha wa pili, na kabla sijasimama, wa tatu. Gurudumu likaanza kuyumba na kusugua breki. Spoku za kulia huwezi kuzibadilisha mpaka uzing'oe sproketi, na kifungulio cha sproketi nilikuwa nimekiacha nyumbani. Nikafungua breki ya nyuma, nikasukuma baiskeli kwa miguu, nikalala njiani, na asubuhi nikapata lori lililonifikisha Nguruka.

Pale Nguruka, chini ya mwembe, nilimkuta kijana fundi ambaye hata leo namwombea dua. Hakuwa na spoku za kipimo changu, alikuwa na za Phoenix tu, ambazo ni ndefu kuliko zangu kwa sababu gurudumu lenyewe ni kubwa. Akachukua moja, akaipima kwa jicho, akakata upande wa kichwa na kuuacha upande wenye nyuzi za skrubu, kisha kwa koleo akaukunja mwisho ule mara mbili, ukawa kama kulabu. Kulabu ile akaipenyeza kwenye tundu la habu kwa upande, bila kugusa sproketi, akaivuta na kuikaza kwenye ringi kwa kofia yake, ile nati ndogo ya spoku. Alifanya hivyo mara tatu. Nilitazama mikono yake nikasahau hata njaa. Spoku zile tatu za kulabu zilinifikisha kwenu, na asali uliyowapa wageni ilipita juu yake. Niliona aibu kukuambia wakati ule kwamba nilichelewesha shughuli ya mzee kwa kupakia vibaya, na leo nakuomba radhi.

Tangu siku hiyo nimebadilisha mambo mawili. La kwanza, gurudumu lililosukwa na yule mzee wa Isevya aliyekuwa akicheza bao na marehemu baba ndilo hili ambalo limedumu hadi Juni mwaka huu. Alizigonga spoku moja moja kwa ukucha na kusikiliza, na za upande mmoja zilipotoa sauti moja ndipo alipokubali kunikabidhi. Nami nimejifunza kufanya hivyo kila Ijumaa baada ya swala: ikilia nzito kuliko wenzake, imelegea, nazungusha ufunguo robo tu na kuendelea. La pili, mzigo. Nilifunga keria ya mbele iliyo chini, karibu na ekseli, na vitu vizito kama vyombo, maji na spana nikavihamishia huko, nyuma nikabakiza nguo na turubai. Siku ya kwanza usukani ulikuwa mzito, siku ya tatu nilikuwa nimezoea, na kwenye mteremko baiskeli ilitulia kuliko nilivyowahi kuiona.

Keria yenyewe ina habari yake. Ile niliyoanza nayo ilikuwa ya aluminiamu, nyepesi na ya kupendeza, ikakatika mguu mmoja njia ya Sikonge, na hapa mjini kila mchomeleaji niliyempelekea aliitazama na kunirudishia, maana aluminiamu haikubali mashine na fimbo walizonazo kwa ajili ya chuma. Nikachongewa nyingine ya nondo, nzito kwelikweli, na imekwisha kuchomelewa mara mbili bila kunilaza njiani. Kwa hiyo utakapokwenda Mwanga chukua sumaku, hata ile ya spika ya redio mbovu, uiguse fremu na keria. Ikinata ni chuma, na chuma kina daktari kila kijiji. Isiponata, fikiri mara mbili.

Narudi kwenye mstari wako ule. Umesema magurudumu ni makubwa kama ya Phoenix, na muuzaji amekuambia kwamba ni 28, kwa hiyo matairi utayapata popote. Muuzaji hasemi uongo, ila 28 ziko zaidi ya moja. Inama usome ubavuni mwa tairi, utaona namba mbili zenye kistari katikati. Ile ya pili, yenye tarakimu tatu, ndiyo kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi kwa milimita. Tairi la Phoenix ni 635. Baiskeli nyingi za safari kutoka Ulaya ni 622. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini tairi la Phoenix kwenye ringi ya 622 litapwaya na kuvuka, na huwezi kulipanda. Yangu ni 559, yaani inchi 26 kama za zile baiskeli za milimani ambazo vijana wanaendesha kila mtaa, na kwa miaka yote hii sijawahi kukosa tairi wala tyubu, iwe Urambo, Kaliua au Uvinza. Tairi la 622 huku Tabora nimeliulizia mara nyingi kwa ajili ya rafiki yetu wa mizani, na kila mara ameishia kuagiza Dar es Salaam. Ikiwa baiskeli hiyo ni 622, bado unaweza kuinunua, lakini bei ya matairi mawili ya akiba na tyubu nne iondoe kwenye bei aliyokutajia kabla hujamkabidhi hata shilingi.

Tazama na valvu. Zikiwa zile nyembamba zenye kijiti cha kufungua kwa vidole, tyubu zake ni adimu na pampu ya kituo cha mafuta haitazishika mpaka uwe na kiunganishi.

Gia 27 maana yake ni sproketi tisa nyuma na tatu mbele. Ni nzuri kwa milima yenu ya Kasulu, siwezi kukukatalia, lakini mnyororo wa tisa ni mwembamba kuliko wa sita au saba, nao ndio unaouzwa kwa shida. Pima uliopo kabla ya kusifu gia: weka rula ya inchi kwenye pini moja, hesabu viungo 24, na pini ya mwisho inatakiwa iangukie inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, mnyororo umekwisha. Ikizidi mara mbili ya hapo, umekwisha kula na sproketi, na utanunua vyote. Mimi hubadilisha mnyororo mapema, na sproketi zangu zimekula minyororo mitatu kabla ya kuomba kustaafu.

Siti yangu ni ile ile ya ngozi ya Brooks, kampuni ya Uingereza iliyoanzia kazi za ngozi mjini Birmingham mwaka 1866. Iliniumiza miezi miwili ya kwanza, baada ya hapo ikaketi kama kiatu cha zamani. Naipaka nta ya nyuki wetu iliyoyeyushwa na mafuta kidogo kabla ya masika, naifunika mvua ikinyesha, na haijapasuka. Mikoba ya pembeni nilishonewa hapa kwa turubai la lori, mdomo wake unakunjwa mara tatu na kufungwa kwa mkanda, na vitabu vyangu vya kumbukumbu havijawahi kulowa. Juu ya dinamo na taa nitakuandikia wakati mwingine, kwa kuwa hiyo nayo ina mambo yake.

Nina ombi. Shemeji yako anayekwenda Bujumbura, namwomba aniulizie ringi ya 559 yenye matundu 36, iliyo na kuta mbili kwa ndani na vikuku vya chuma kwenye matundu ili spoku zisiipasue tena. Gharama nitatuma mara tu utakaponiambia. Isipungue matundu 36, hata kama muuzaji ataisifu ya 32, maana habu yangu haitaipokea.

Sasa na wewe nijibu. Je, gurudumu la nyuma la baiskeli hiyo lina spoku ngapi, na ulipozigusa zilikuwa zimekaza sawasawa au kuna zilizocheza? Umepitisha kitambaa kuzunguka matundu? Mgeni aliiacha kwa sababu gani, alichoka yeye au ilichoka baiskeli? Imekaa muda gani bila kuendeshwa, na matairi yana nyufa ubavuni? Ukikaa juu yake miguu inafika chini kwa raha, au fremu ni ya mtu mrefu? Na safari yenyewe unaifikiria lini, kabla ya mvua za Novemba au baada ya Ramadhani, na utakuja kwa njia ya Uvinza ili nikupokee Kaliua, au utapanda treni na kuipakia kwenye behewa?

Tafadhali usilipe kabla hatujaandikiana. Na ile namba ya tarakimu tatu ya ubavuni mwa tairi, iandike mwanzo kabisa wa barua yako, hata kabla ya salaam.

Wasalaam,
Ndugu yako wa Ng'ambo