Chora baiskeli kwanza, ndio uniambie umeelewa

Kwako Mhariri,

Mimi ni fundi wa baiskeli, nina kibanda karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu, na gazeti lako nalisoma kila siku baada ya jirani yangu kinyozi kulimaliza, kwa hivyo linanifikia likiwa limekunjwakunjwa na lina nywele, lakini habari ni zile zile. Miezi mingi sasa naona barua za wazazi kuhusu masomo, mara karo, mara gredi 10, mara mtoto ameitwa shule ya mbali ambayo hata hakuichagua. Yote ni kweli na yananiuma mimi pia, niko na binti gredi 8. Lakini kuna jambo moja sijaona mtu akiliandikia. Watoto wanatuambia wameelewa, na sisi tunakubali tu.

Hii maneno ilianzia kwa baiskeli. Kuna kijana wa chuo huja kwangu kuzibiwa pancha, mmoja wa wale wanasoma kila kitu kwa simu, na siku moja akatuambia ati huko Uingereza, chuo kikuu cha Liverpool, mwaka wa 2006 mtafiti mmoja alipatia watu mchoro wa baiskeli ambao haujakamilika akawaambia wamalizie, waweke fremu, pedali na cheni mahali pake, na wengi wakakosea. Tulicheka. Wazungu bana, kukosea baiskeli! Sisi huku ndio wenye baiskeli, hata hili neno bodaboda lilitoka hapo Busia, watu wakibebwa kwa keria kutoka boda moja hadi nyingine kuingia Uganda. Basi nikapasua pakiti ya unga, nikatoa penseli, nikasema atakayekosea ananunulia wote soda.

Mhariri, ungekuwepo. Wa kwanza ni mzee wa baiskeli kabisa, alianza kubeba watu kabla pikipiki hazijajaa mjini. Akachora magurudumu mawili mazuri, akaweka spoku, akaweka kengele, hata ule mto wa abiria wenye nyuzi nyuzi za kuning'inia akauweka. Halafu akavuta fremu kutoka katikati ya gurudumu la mbele moja kwa moja hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Nikamuuliza, omera, yaani ndugu yangu, sasa hapo utapigaje kona? Akaangalia karatasi, akaangalia baiskeli yake iliyokuwa imesimama hapo mbele yake, akarudi kuangalia karatasi, akanyamaza. Wa pili akazungusha cheni kwa magurudumu yote mawili. Wa tatu pedali akaziweka gurudumu la mbele kama kale kabaiskeli ka mtoto ka magurudumu matatu. Katika watu watano ni mmoja tu alipata.

Mimi nilichora yangu safi kama injinia, nikaanza kuwachekelea, na hapo ndipo yule kijana akanigeukia. Fundi, kwa nini baiskeli ikiwa kwa mwendo haianguki, lakini ikisimama inaanguka? Nikajibu bila kufikiria, kwa sauti ile ya fundi, ni magurudumu, yakizunguka kwa spidi yanaishikilia. Akaniambia hata yeye alifunzwa hivyo hivyo, lakini mwaka wa 2011 kuna watafiti walitoa kazi yao, walitengeneza kabaiskeli kadogo wakaongeza magurudumu mengine yanayozunguka kinyume ili kuua kabisa hiyo nguvu ninayosema, wakakasukuma bila mtu, na bado kakaenda kamesimama, ukikagonga ubavuni kanajirekebisha kenyewe. Kwa hivyo jibu langu halikutosha. Soda nilinunua mimi.

Kitu kinachosaidia, vile nilikuja kuelewa, ni kwamba baiskeli ikianza kulala upande mmoja usukani nao unageukia upande huo huo, magurudumu yanarudi chini ya uzito. Na aibu yenyewe ni kwamba nimeona hiyo kila siku ya maisha yangu! Ukisukuma baiskeli kwa kushika kiti peke yake, ukiinamisha kidogo kushoto, usukani unaenda kushoto wenyewe bila kuguswa, hivyo ndivyo nazitoa kibandani asubuhi na kuzirudisha jioni. Mikono yangu ilikuwa inajua miaka yote hiyo, lakini mdomo ulikuwa na jibu lingine uliloazima mahali.

Sisemi watu wangu wa boda ni wajinga, hapana, hao wanaweza kupita Kondele saa kumi na mbili jioni na gunia la mkaa kwa keria bila kugusa mtu, hebu jaribu wewe. Tatizo ni kujipima. Huko Marekani, chuo cha Yale, kuna utafiti wa mwaka wa 2002 ambapo watu waliulizwa wajipatie maksi, wanaelewa kiasi gani vile zipu inafanya kazi, au kufuli, au cherehani, wakajipatia maksi nzuri, halafu wakaambiwa haya, andika hatua kwa hatua inavyofanya kazi, kisha jipatie maksi tena. Zikashuka. Hakuna mtu aliyewafunza kitu wala kuwatukana hapo katikati, walijaribu tu kueleza.

Sasa nikapeleka hii maneno nyumbani.

Binti yangu alikuwa mezani na noti zake, ana hailaita ya manjano, kila laini ameipaka hadi daftari linafanana na shamba la alizeti. Nikamuuliza umesoma, akasema nimemaliza baba. Umeelewa? Nimeelewa. Siku zingine ningeishia hapo niulize chakula kiko wapi. Siku hiyo nikamwambia nyathina, yaani mwanangu, funga daftari unieleze. Ilikuwa ile topiki ya mimea kujitengenezea chakula, fotosinthesisi, akaisema yote kwa Kizungu bila kupumua kama mtu anaimba wimbo wa taifa, kwamba mmea unatumia mwanga wa jua, maji na kaboni dioksidi na kadhalika. Nikamuuliza, ule mwembe wa nyanya yako kule Seme, mimi nikiwa mdogo nilikuwa naweza kuuinamisha kwa mkono mmoja, leo watu wawili hawawezi kuuzungushia mikono. Hizo kilo zote zimetoka wapi? Akasema kwa udongo, baba. Nikamwambia sasa mbona hakuna shimo chini yake?

Akanyamaza. Na mimi pia nikanyamaza, kwa sababu ukweli ni kwamba hilo swali nilipewa na yule kijana wa chuo na jibu sikuwa nalo bado.

Kesho yake akanieleza. Kuna daktari wa zamani anaitwa van Helmont, wa upande ambao leo ni Ubelgiji, kazi yake ilichapishwa 1648 yeye akiwa ameshakufa. Alipima udongo mkavu kama kilo 90 hivi akaweka kwa chombo, akapanda mti mdogo wa kilo mbili na kitu, akawa anaumwagilia maji tu kwa miaka mitano. Mti ukafika karibu kilo 77. Akaukausha ule udongo akaupima tena, ulikuwa umepungua kama gramu 60, yaani hata robo ya pakiti ndogo ya sukari haifiki. Miaka mitano! Kwa hivyo si udongo. Lakini sasa angalia, yeye akasema basi mti wote umetokana na maji, kwa sababu ndicho kitu pekee alichokuwa anamwaga hapo, na akawa amekosea. Mbao ikikauka, sehemu kubwa ya uzito wake imetoka kwa hewa, ile kaboni dioksidi, pamoja na maji kiasi, na udongo unatoa chumvi chumvi kidogo tu. Mzee alipima kila kitu isipokuwa kile asichokiona.

Lakini si van Helmont alinishtua. Jibu lilikuwa ndani ya yale maneno binti yangu alikuwa ameimba! Kaboni dioksidi na maji. Alikuwa nalo mdomoni, amelipaka hailaita, angeliandika kwa mtihani apate maksi zote, na hakujua kwamba alichosema ni kuwa mwembe wa nyanya yake umejengwa kwa hewa.

Alienda nalo shule akauliza darasani. Akaambiwa hiyo haitakuja kwa mtihani, wenzake wakacheka, akakaa chini. Jina la shule silitaji na mwalimu simlaumu sana, darasa lina watoto zaidi ya sitini, silabasi inamkimbiza, akisimama kusikiliza kila mmoja aeleze mwembe wao muhula utaisha. Kwa hivyo anafanya walichofanya walimu wote tuliopitia, anauliza tumeelewana? Na darasa zima, pamoja na yule amelala nyuma, ndiyooo mwalimuuu.

Sisi wa 8-4-4, ule mtaala wa zamani, tusijifanye. Nani hapa hakuanza insha na nilidamka asubuhi na mapema, majogoo yakiwika na ndege wakiimba nyimbo tamu? Ukipewa harusi, jogoo anawika. Ukipewa ajali ya basi, jogoo anawika. Mimi niliwahi kupewa ukame na bado ndege wangu waliimba, na mwalimu akanipigia vema nyekundu kubwa. Tuliambiwa mtaala wa umilisi ukija 2019 hayo yameisha, KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, nayo ikafanywa ya mwisho 2023, lakini nikiangalia nyumbani kwangu naona kukariri kumeshonewa sare mpya tu, halafu tumeongezewa projekti ambazo tunajua vizuri nani anazifanya. Sanamu ya kutisha ndege ya binti yangu nilishona mimi saa nne usiku nikitumia suruali yangu nzee. Tulipata ile gredi ya kufikia matarajio, mimi na suruali.

Na msinielewe vibaya, kukariri si dhambi. Saizi za spoku niko nazo kichwani zote, jedwali la kuzidisha lazima mtoto alimeze. Lakini ninapomeza saizi ya spoku najua itaenda gurudumu gani.

Sasa vile tunafanya nyumbani, na hii haihitaji pesa wala serikali. Chakula kikiwa tayari daftari linafungwa, binti anaeleza alichosoma bila kuchungulia. Kuna utafiti mwingine wa Marekani wa 2006, wanafunzi wengine walisoma habari fulani na kuirudia rudia, wengine wakasoma kisha wakawa wanaandika wanachokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano wale wa kurudia ndio walikuwa mbele. Baada ya wiki moja wakawa nyuma. Na ndio walikuwa wamejiamini zaidi kwamba hawatasahau! Mzazi, unaona vile tunadanganyika, mtoto anasoma usiku, CAT, ile mitihani midogo ya shule, ni asubuhi, anapita, tunafurahi, wiki ikiisha hakuna kitu.

Lakini dawa yetu kali zaidi ni mama yangu. Anakaa na sisi, Kizungu hajui, kwa hivyo binti lazima aeleze kwa Dholuo au Kiswahili, na hapo neno fotosinthesisi halimsaidii kitu, hawezi kujificha nyuma yake. Lazima aseme nani anafanya nini, kinaingia wapi, kinatokea wapi. Na nyanya mtu akisikia jambo halikai sawa anauliza nang'o? Yaani kwa nini. Anaelezwa, anachambua mboga kidogo, anauliza tena nang'o? Ya tatu ndiyo kawaida inatukwamisha wote, tunaenda kulala tukiwa hatujui. Wiki iliyopita tulikwama kwa omena, wale dagaa wa ziwani, kwa nini wakikaushwa hawaozi. Mama yangu ambaye ameuza omena miaka mingi pia hakuwa na maneno yake, ana mikono tu kama mimi na baiskeli, na ilimkasirisha kidogo.

Kibandani nimebandika karatasi, ukichora baiskeli sawasawa pancha yako nakuzibia bure. Nilidhani nitafilisika. Mpaka leo nimeziba bure mbili tu. Ya kwanza ya fundi mwenzangu, hiyo sihesabu. Ya pili ilikuwa ya mama mmoja wa sokoni ambaye amebebwa tu, hajawahi kuendesha, alikuwa amemletea mtoto wake baiskeli. Wenzake wote huwa wanashika penseli na kuanza kuchora hapo hapo. Yeye aliuliza, naruhusiwa kuiangalia? Karatasi haikuwa imesema hapana. Akafunga leso vizuri, akachuchumaa kando ya ile baiskeli, akafuata cheni kwa kidole kutoka pedali hadi nyuma, akazungusha kidogo aone inavuta nini, akainuka na mafuta meusi mkononi, akachora.

Fundi wa baiskeli,
Kibuye, Kisumu